Divai ya Shangazi

Kwa baba yangu, neno la dada yake Nyirarukundo ni muhuri. Asipougonga, hakuna mchumba atakayepokelewa kwetu, hata aje na ng'ombe wa kufunga barabara nzima ya Rutshuru. Na ndiye aliyenilea mimi tangu mama afariki, kwa hiyo Bienvenu alipotaka kuleta wazee wake, nilimwambia aanze na shangazi. Naye, badala ya kumfuata kijijini Kibumba na kreti ya bia kama watu wenye akili, akasema, "Mulete kwangu Himbi. Aone kazi yangu."

Kazi yake ni mkahawa wa divai. Una terasi ndogo inayotazama ziwa, maua yanayopanda ukutani, na chakula kinacholetwa kwenye visahani vya kuchangia, kidogo kidogo, ili divai isikose mwenzake. Mimi nilimpenda Bienvenu kabla hajaufungua, na nilitaka anioe. Siku hiyo niliogopa kuliko siku ya mtihani wa mwisho wa sekondari.

Shangazi alikuja nami Jumapili baada ya misa, amevaa kitenge chake cha harusi za watu. Akaketi, akalikagua ziwa, akalipitisha. Kisha vikaja visahani.

Cha kwanza kilikuwa na viazi vitatu vilivyokaangwa na maganda yake. Shangazi analima viazi. Alivitazama kwa huruma.

"Bingine biko wapi?"

"Vinakuja, shangazi. Hapa wanaleta kidogo kidogo."

"Juu ya nini kidogo kidogo? Mwenye nyumba anatuogopa?"

Zikaja sambaza, vidagaa vya ziwani, akazimaliza peke yake, akidhani zangu zimechelewa. Jibini ya Masisi nayo ikafuata njia hiyohiyo. Mimi nilibaki kumeza mate.

"Pole, mutoto," alisema akijipangusa midomo. "Wewe bamekusahau."

Ndipo Bienvenu akaja na chupa, shati limenyooka. Aliijua vizuri desturi yetu: anayekupa kinywaji hukinywa kwanza mbele ya macho yako, ujue hamna sumu. Lakini woga ulimtupa kwenye desturi ya divai, ambayo ni kinyume chake: mgeni ndiye anayeonja. Akammiminia shangazi kiasi cha kulowesha ulimi, akasimama kusubiri.

Shangazi akachungulia ndani ya glasi. "Hii ni ya kunywa ao ya kubatiza?"

"Uonje, mama. Kama ni muzuri, nitaongeza."

"Nionje mie?" Sauti yake ilishuka. "Kwetu, mutu wa nyumba ndiye anaonja. Onja wewe."

Bienvenu alishusha pumzi, kwa kuwa kuonja ndiyo kazi aliyoizoea. Akachukua glasi, akanusa, akaizungusha divai mdomoni mpaka mashavu yakavimba, kisha, mazoea yana taabu, akaitema kwenye kindoo cha kutemea anachotumia kazini.

Shangazi alikuwa tayari amesimama.

"Ametema! Umwiza, mutoto, beba sakoshi yangu. Tunaenda."

Nilitamani kumpiga Bienvenu na kumkumbatia, yote kwa mara moja.

"Mama, haina sumu," alisema, jasho likimtoka. "Mie sinywaka pombe. Papa yangu alinywaka ya kwake na ya kwangu. Naonjaka tu juu ya kazi, kisha natema."

"Unauzisha batu kitu wewe hunywi?"

"Ndiyo, mama."

Ulikuwa ukweli mtupu, na haukumsaidia hata kidogo. Shangazi alikuwa anavaa kiatu alichokuwa amekivua chini ya meza. Nilijua akishavuka lango lile, baba atamuuliza ameona nini, atamwambia, na mimi nitabaki na Bienvenu wa kusalimiana naye barabarani. Nikaikamata chupa, nikajimiminia, nikanywa yote shangazi akiniangalia, nikaigeuza glasi aone haina kitu. Kisha nikaijaza ya kwake, nikamwinulia kwa mikono miwili.

"Karibu, shangazi."

Nilitaka tu ajue haina sumu. Lakini hakuitazama divai, alinitazama mimi, tena kwa muda mrefu.

"Nani anaonjaka mbele ya mugeni?" akauliza polepole.

"Mutu wa nyumba," nilijibu haraka. Kisha nikasikia nilichokisema, na masikio yakaniwaka moto. Bienvenu aligeukia ziwa kana kwamba ndiyo kwanza analiona.

Shangazi akaketi. Akanywa, akakunja uso, akasema hii kitu ni kali, akaomba aongezewe. Bienvenu akamjazia mpaka ukingoni, jambo ambalo angemgombeza mhudumu yeyote kwa kulifanya.

Shangazi akanishika mkono. Macho yake yalikuwa na maji, na mimi sikuwa nimewahi kumwona akilia.

"Tulikuya hapa bageni babili," alisema. "Sasa mugeni niko mie peke yangu."