Pete Mbili za Kamera Ndogo

Mwanajuma hakuipenda ile kamera ndogo tangu siku ya kwanza, na hakuwa mtu wa kuficha. Mzee Kassamali, mwajiri wake mwenye studio ya picha karibu na soko la Tabora, aliitoa kwenye boksi taratibu, akaiweka mezani, akasubiri isifiwe. Mwanajuma akaipima kwenye kiganja, akaigeuza huku na huku.

"Hii ni kamera au kipande cha sabuni?"

"Nyepesi!" Mzee Kassamali alisema. "Nusu ya uzito wa ile ya zamani, na lenzi zinatoka na kuingia vilevile. Si wewe uliyekuwa unalia mgongo kila ukirudi safari?"

Ni kweli, alikuwa akilia mgongo. Mwaka ule wa sabini na nne watu walikuwa wakihamia vijiji vya ujamaa, na ghafla kila ukoo ukataka picha kabla haujahama. Mwanajuma alidandia malori ya pamba huku na kule, kamera kubwa ikimning'inia shingoni na lenzi kwenye mkoba wa bati. Babu yake alikuwa mpagazi wa misafara, ametoka Unyanyembe mpaka Bagamoyo na pembe begani, akarudi na robota za nguo kichwani. Mwanajuma tangu utotoni aliapa kwamba yeye hatabeba mzigo wa mtu. Haya, mwangalie sasa.

Lakini ile kamera kubwa, pamoja na uzito wake, ilikuwa na adabu. Kila kitu kilikaa kwa nafasi. Spidi ya kufyatua ilikuwa juu, kwenye gurudumu pana kama kifuniko cha soda. Mwanga ulikuwa kwenye pete ya lenzi, ile ya kupanua na kubana tundu lake, upande wa karibu na kamera. Mkono ukienda, unakuta. Mzee Kassamali mwenyewe ndiye aliyemfundisha kwamba mpiga picha haangalii kamera, anaangalia uso wa mtu; vidole ndivyo vinavyohesabu vituo, tk, tk, na kila kituo kinaongeza mwanga mara mbili au kuupunguza nusu. Kwenye kamera ndogo, wale wataalamu wa Japani walikosa nafasi ya spidi kule juu. Wakafanyaje? Wakaiteremsha, wakaizungusha shingoni mwa lenzi, palepale vidole vya Mwanajuma vilipozoea kuukuta mwanga. Pete ya mwanga wakaisogeza mbele kabisa, kwenye mdomo wa lenzi. Ndani mlikuwa na sindano ya kupimia mwanga, lakini betri yake ya kidonge ilikwisha siku ya tatu, na nyingine haikupatikana Tabora nzima.

"Wamebananisha kila kitu," Mwanajuma alilalamika. "Mtu mwenye vidole kama vyangu atafanyaje?"

"Mwanajuma mama, ukitaka nyumba ndogo, jiko na kitanda vitakaa chumba kimoja. Utazoea."

Alikuwa hajazoea bado, ana wiki moja tu na kamera ile, Masolwa alipoingia studio. Masolwa alikuwa mkulima wa Puge, mtu mrefu, mpole, na siku hiyo alikuwa na uso wa mtu asiyelala. Familia yake ilipangiwa kijiji kipya, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Wote walishakubali isipokuwa mama yake, Bibi Josepha. Bibi hakugomba na mtu. Alisema tu kwamba nyumba yake ni lazima itangulie, yeye afuate.

"Nikamwambia, mama, nyumba haitembei," Masolwa alisimulia. "Akasema basi ipigwe picha, na yeye akiwa mlangoni. Siku picha itakapofika kijiji kipya ndiyo siku atakayoingia ndani. Kabla ya hapo atalala nje. Dada, namjua mama yangu. Atalala nje kweli, na mvua ndiyo hiyo inakuja."

"Si tunaweza kuipiga hata baadaye?" Mwanajuma aliuliza.

"Nyumba tunaibomoa Jumatano. Miti yake ndiyo ya kujengea mpya. Ukija, uje Jumatano asubuhi."

Akaenda. Alifika Puge na lori, anga limejaa mawingu mazito. Alipiga ukoo mzima pale uani: wajomba, mashangazi, watoto waliovalishwa viatu vya wenzao. Pete ya mwanga ilikuwa nane, spidi mia na ishirini na tano, mambo yakaenda vizuri. Filamu ilipobakiza picha mbili tu, akatoa lenzi fupi, akafunga ndefu, ile ya sura, akaiweka nane pia, akamwendea Bibi Josepha.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umechoka na hawa."

Bibi alikaa kwenye kigoda ndani kidogo ya mlango, maana miguu ilimsumbua. Alikaa kama wazee wa kule wote wanavyokaa wakiona kamera: mgongo wima, viganja magotini, macho mbele, hacheki, hapepesi. Mwanajuma alikuwa na ugomvi wa miaka na mkao huo. Alitaka watu wenye uhai kwenye picha zake, siyo magogo.

"Bibi, jilegeze kidogo basi. Cheka na mimi."

"Nicheke nini? Piga," Bibi alisema bila kutingisha hata mdomo.

Kwenye kivuli cha mlango mwanga ulikuwa hafifu, ukihitaji kuongezwa vituo viwili. Isitoshe, Mwanajuma alitaka tundu la lenzi lifunguke ili vitu vya nyuma vififie na uso ubaki peke yake, kama wanavyofanya studio. Akaegemeza viwiko kwenye kinu, macho kwa bibi, vidole vikaenda vilikozoea. Tk, tk, kushoto. Akafyatua. Akavuta pumzi, akafyatua tena. Filamu ikaisha, akaizungusha mpaka mwisho, akaisukumiza kamera kwenye mfuko wake wa ngozi uliobana. Alipokuwa akipanda lori, vijana wa Masolwa walishapanda juu ya paa na kuanza kuteremsha nyasi.

Jioni, studio, aliitoa kamera ili aifute vumbi. Akaiangalia. Pete ya mwanga ilikuwa nane. Nane ileile! Haikuguswa. Akaangalia pete ya spidi: mia tano.

Toba! Akakaa juu ya boksi la karatasi. Alielewa palepale. Vidole vyake vimezungusha pete siyo. Alitaka kuongeza mwanga vituo viwili, badala yake ameupunguza viwili, jumla amekosa vinne. Picha za bibi zitakuwa kiza kitupu. Na nyumba haipo tena, saa hii ni rundo la miti. Akamwona yule bibi amelala nje kwenye mvua, amekaza shingo, anasubiri nyumba ambayo haitafika, na aliyemkosesha ni Mwanajuma. Alitamani ardhi ipasuke.

Mtu mwingine angejitia hamnazo, akasingizia filamu mbovu. Yeye alikwenda moja kwa moja mpaka chumba cha nyuma, Mzee Kassamali alipokuwa akinywa chai na mkewe Dolatbai, akamwaga yote bila kupumzika.

"Nimeiua picha ya bibi wa watu," alimalizia, na machozi yakaanza kumtoka. "Nilikwambia hii siyo kamera! Nilikwambia!"

Mzee Kassamali alitaka kujibu, lakini Dolatbai akamwekea mkono begani. "Mpe kwanza kiti," alisema. "Halafu mwulize polepole."

Mzee akaichukua kamera, akavaa miwani. "Ulizungusha kushoto au kulia?"

"Kushoto. Kwenye ile ya zamani kushoto ndiko kufungua."

"Una hakika?"

"Mzee, miaka kumi na miwili nazungusha kushoto."

Mzee Kassamali akairudisha spidi mia na ishirini na tano, kisha akaizungusha kushoto mbele ya macho yake. Tk, sitini. Tk, thelathini. Akanyanyua nyusi.

"Kushoto ni kupunguza spidi," alisema. "Spidi ikipungua, filamu inakaa wazi zaidi, mwanga unaongezeka. Viwili ulivyovitaka, umevipata kwa mlango mwingine. Mia tano imetoka wapi?"

Wakatazamana. Dolatbai ndiye aliyeuliza kamera ilisafiri ndani ya nini. Mwanajuma akauleta mfuko wa ngozi, akaishika kamera ikiwa thelathini, akaisukumiza kwa kuinyonganyonga kama alivyofanya Puge. Wote watatu wakasikia, waziwazi kabisa: tk, tk, tk, tk. Akaitoa. Mia tano!

"Mfuko!" Mwanajuma alipiga ukelele. "Mfuko ndio uliozungusha!"

Hapo alishusha pumzi ya kwanza. Alicheka huku bado analia, akajifuta kwa ncha ya kanga. Lakini Mzee Kassamali hakucheka, na Mwanajuma naye akanyamaza, kwa sababu wote wawili waliijua kazi. Spidi thelathini, lenzi ndefu, mkononi! Mkono ukitetemeka kidogo, mtu anatoka ana pua mbili. Na anayepigwa akihema tu, ameharibika.

"Ulikuwa umeegemea?"

"Kinu."

"Twende tukasafishe."

Waliingia chumba cha giza pamoja. Wakasubiri dawa ifanye kazi. Walipowasha taa, Mwanajuma akaivuta filamu iliyolowa hadi mwisho wake, ambako ndiko bibi alikokuwa. Ya kwanza kati ya zile mbili ilikuwa imecheza. Mlango ulionekana mara mbili, sura ya bibi imetanda kama ukungu. Mwanajuma akafumba macho.

"Fumbua," Mzee Kassamali alisema. "Tazama ya pili."

Ya pili ilikuwa imetulia. Mzee akaweka kioo cha kukuzia juu yake, akampa nafasi. Kila kunyanzi lilikuwepo, kila ufito wa mlango. Kuku aliyekuwa akipita mbele ya kizingiti alikuwa mkwaruzo tu, hana kichwa wala mkia. Lakini Bibi Josepha hakuwa amesogea hata unywele. Ule mkao wake wa gogo, ambao Mwanajuma alikuwa akiupiga vita miaka yote, ndio uliomwokoa.

"Alhamdulillahi," alisema, akaketi chini sakafuni. "Na kesho mtu aniletee mzee wa kunichekea, nitamwambia akauke!"

Mzee Kassamali alicheka mpaka miwani ikamdondoka. Siku iliyofuata aliukata mfuko wa ngozi pale shingoni kwa mkasi wake mwenyewe, na juu ya pete ya spidi Mwanajuma akabandika kipande cha plasta, ili kidole kikigusa kitambaa kijue kimepotea njia. Kamera hakuitukana tena, ingawa hakuisifu.

Picha aliikuza kubwa, na aliamua kuipeleka mwenyewe. Masolwa alimpokea barabarani akiwa na baiskeli, akamweka nyuma. Njiani alisema kwamba nyumba imekamilika tangu juzi, na mama yake amelala nje usiku wa nne sasa, chini ya mkeka. Jana mvua ilimnyeshea. Wamembembeleza, wamemletea hata katekista. Wapi!

Walimkuta Bibi Josepha amekaa kwenye kigoda nje ya nyumba mpya, kanga yake bado ina unyevu, na upepo wa mvua umeanza kuvuma tena. Mwanajuma akamsalimu, akapiga magoti, akafungua bahasha. Aliona lazima aseme ukweli kabla hajasifiwa.

"Bibi, nilitaka uso wako uonekane peke yake, vya nyuma vififie. Nikakosea pete. Vya nyuma navyo vimetoka vyote. Unisamehe."

Bibi aliipokea picha. Uso wake mwenyewe aliupita kama wa mgeni. Kidole chake kilikwenda nyuma ya bega lake, kwenye nguzo iliyosimama ndani ya mlango, mahali ambapo Mwanajuma alikuwa hajawahi kuangalia. Nguzo ilikuwa na mikato, mmoja juu ya mwingine, imeonekana safi kabisa.

"Baba yake Masolwa alikuwa akikata mkato kila nilipojifungua," Bibi alisema. "Nguzo hiyo walipoing'oa ilivunjika, mchwa walishaila. Wakaichoma kuni, hawakujua. Sikuwaambia. Ningewaambia nini?"

Masolwa aliweka mkono kichwani. Yeye ndiye aliyeichanja nguzo ile kwa shoka, na katika umri wake wote alijua kwamba mama yake amezaa watoto watatu.

Bibi Josepha alihesabu polepole, kwa kucha, kutoka chini kwenda juu, na kila mkato akautaja kwa jina. Majina manne Masolwa hakuwahi kuyasikia.

"Saba," Bibi alisema. "Wamefika wote." Akaikumbatia picha kifuani, akamnyooshea mwanawe mkono wa pili. "Niinue, tuingie ndani. Watoto watalowa."