Misumari ya Fundi Kimya

"Tema," binti yangu akasema, kiganja chake kikiwa chini ya kidevu changu, kana kwamba mimi ndiye mtoto aliyeokota kitu sakafuni akakitia kinywani.

Sikutema. Wala sikuweza kumjibu, maana shavu langu la kushoto lilikuwa limejaa vimisumari vya kuwambia kitambaa, na mwenye misumari mdomoni hagombani na mtu. Nikamkunjia uso, nikarudi kwenye kochi. Akazunguka, akasimama upande wa pili.

"Daktari alikwambia nini, mama? Mbele yangu, alikwambia nini?"

"Mm," nikasema.

"Usiniletee mm. Hiyo mm ni ya babu."

Hapo alinipata. Ilikuwa ya babu yake kweli.

Baba yangu alikuwa fundi wa makochi, na karakana hii ni yake, mpaka leo inanuka gundi na ngozi kama alivyoiacha. Wateja walimwita Fundi Kimya. Hakuwa mkimya kwa tabia; nyumbani alikuwa na porojo kuliko sisi sote. Ila kazini mdomo wake ulikuwa ghala. Asubuhi alijitupia konzi ya misumari shavuni kama mtu anayekula karanga, kisha ulimi ukawa unausukuma mmoja mmoja hadi kwenye midomo, kichwa cha msumari kikitangulia. Anaugusisha nyundo yake yenye sumaku, unanata, anapiga. Mkono mmoja unavuta kitambaa, mwingine una nyundo. Wa kuchakura kwenye kopo haupo. Mteja akimuuliza kochi litakuwa tayari lini, baba aliinua nyusi, maana yake kesho. Akizikunja, maana yake nenda nyumbani ukapumzike.

Aliyekuwa akiongea ni redio. Ilikaa kwenye rafu juu ya dirisha, ikisoma habari, ikipiga muziki, ikitangaza vifo, na baba akiitikia kila kitu kwa mm. Nilifanyia kazi za shule chini ya meza yake, kwenye marobota ya vitambaa, na hadi leo nikisikia sauti ya mtangazaji kutoka dirisha la mtu natamani kutoa daftari.

Jioni, mezani, taya lake lililia. Tak. Kila akitafuna, tak. Tulikaa mkabala naye tukitafuna kwa kumfuatisha, na mama akasema heri hivyo, mume wake hawezi kuiba nyama jikoni bila kusikika. Baadaye nyama ikamshinda. Kisha mkate akawa anauchovya kwenye chai. Mwisho ikawa uji kwa kijiko cha chai, maana kijiko kikubwa hakikupita. Tulisema ni uzee. Yeye mwenyewe alisema ni uzee, akacheka kwa midomo iliyobana.

Nilikwenda chuo, nikapata stashahada ya ufundi. Huko tulifundishwa kuweka misumari kwenye kopo kando ya goti. Niliporudi baba alinitazama nikiinama na kuinuka, nikiinama na kuinuka, akavumilia hadi mchana. Kisha akaja, akanishika mkono, akanimiminia konzi ya misumari mipya kiganjani, akaonyesha shavu lake. Sijawahi kupewa cheti kilichonifurahisha kama kile.

Basi ndivyo nilivyofanya kazi miaka yote, na ndivyo nilivyoanza kuumwa sikio. Kisha likawa jino, au nilidhani ni jino. Nilimwendea daktari wa meno wa karibu nikamwambia ling'oe. Akaniuliza kama nina hakika. Mimi nikiamua nimeamua. Likang'oka, zima, jeupe, halina hata doa, na maumivu yakabaki palepale. Nilitaka kurudi aling'oe na jino lililo jirani yake. Binti yangu ndiye aliyesimama mlangoni akasema daktari huyo ataniacha kibogoyo kabla sijajua ninaumwa nini, akanipeleka kwa daktari mwingine, anayeshughulika na mataya.

Yule alikuwa mwanamke, kiumri kama mwanangu, na aliniita mama. Hakutazama jino kwanza. Alisimama nyuma yangu, akaweka vidole viwili mbele ya masikio yangu, akaniambia nifungue kinywa taratibu. Taya likaenda kombo kushoto, likasita, ndipo likafunguka. Tak. Nilishtuka. Nilikuwa nimeizoea sauti ile mezani kwa baba. Yangu sikuwahi kuisikia.

Alinionyesha fuvu la plastiki. Mbele ya sikio pana kiungo, na kati ya mifupa yake miwili pana kigegedu kinachokaa kama mto. Misuli ikikazwa siku nzima, kigegedu kinateleza mbele. Ule mlio ni wa kurudi kwake mahali pake. Siku kitakapokataa kurudi, kinywa hakitafunguka vizuri.

"Sponji imehama kwenye fremu," nikamwambia.

Akacheka, akasema ndivyo hasa, kisha akaniuliza ninauma nini. Nikamweleza kuhusu misumari, jinsi unavyobana meno ili usimeze, na taya unavyolisogeza pembeni kuupisha ulimi. Aliacha kuandika. Nikamweleza na habari za baba, na kijiko cha chai. Akasema hawezi kumpima mtu ambaye hayupo, lakini akanitazama kwa namna niliyoielewa.

Kisu hakikutajwa. Wengi hupona kwa kulipumzisha taya, alisema: chakula laini kwa muda, kitambaa cha moto shavuni, dawa ya maumivu ya siku chache, kufungua kinywa polepole ncha ya ulimi ikiwa imegusa kaakaa, na kinga ya plastiki ya kuvaa usiku kwa sababu ninasaga meno usingizini. Na misumari itoke mdomoni. Nilikubali yote. Uji nilikunywa, kinga nikavaa, nikawa ninalala kama bondia. Misumari tu ndiyo iliyonishinda, kwa sababu kila nilipoinama kwenye kopo nilihisi baba ananitazama akinivumilia.

Ndipo binti yangu akanifumania.

Nilitema, hatimaye, kwenye kiganja chake. Akasema atanunua mashine ya pini, ile inayopiga kwa upepo. Nikamwambia mashine hiyo inapasua mbao za zamani, na nyundo ya baba haitoki humu nikiwa hai. Akasema hakuna aliyetaja nyundo. Tukaendelea hivyo, mimi nikishika taya kwa mkono kila baada ya maneno mawili, mpaka akachoka, akakaa kwenye kochi lisilo na kitambaa, juu ya springi.

"Sitaki kukulisha uji kwa kijiko cha chai," akasema, kwa sauti ya chini. "Babu hakujua. Wewe umeambiwa."



Niliinua macho, nikaiona redio. Ilikufa kabla ya mwenyewe, na mafundi wawili waliniambia haifai tena, lakini kila Jumamosi ninaifuta vumbi. Nikapanda kwenye stuli nikaishusha. Nikachukua bisibisi, nikafungua skrubu za nyuma.

"Mama. Redio ya babu."

"Najua ni ya nani."

Ndani mlikuwa na spika ndogo, karatasi yake imetoboka. Niliing'oa, nikaichokonoa mpaka sumaku ikaachia, kiduara cheusi chenye tundu katikati. Nikakata ukanda wa ngozi kwenye mabaki ya kochi, nikaupitisha kwenye tundu, nikaufunga kwenye kifundo cha mkono wangu wa kushoto. Kisha nikamwambia binti yangu amwage. Akageuza kiganja, na misumari yote ikarukia mkononi mwangu ikasimama kama manyoya ya nungu.

Nikavuta kitambaa. Vidole vya mkono wa nyundo vikachomoa msumari, nikaugusisha nyundo ya baba, ukanata. Nikapiga. Ulikuwa mwendo wa konokono, na wa pili ulipinda.

"Usikae hapo kama mgeni," nikasema, kinywa kitupu. "Shika upande huo, ukaze."

Akashika.