Kidole cha Bibi Mpya

Tangu asubuhi fundi hakutulia. Anakaa kwenye cherehani, anainuka, anachungulia barabarani, anakaa tena. Binti yake wa pekee amejifungua, na leo anatoka hospitali. Mjukuu wa kwanza! Na siku yenyewe ndiyo hii kidole cha shahada kimevimba, kinapwita, kimejaa vilengelenge vidogo vilivyosongamana.

"Umejichoma sindano, usaha huo," alisema shoga yake wa cherehani ya pili, huku akiichoma pini kwa kiberiti. "Lete nikutumbue, umbebe mjukuu kwa raha zako."

Shoga huyo hakuwahi kushindwa na ugonjwa wowote. Wagonjwa ndio walioshindwa. Fundi akaurudisha mkono, akakimbilia zahanati, mkanda wa kupimia ungali shingoni.

"Nitumbue upesi, daktari, mjukuu yuko njiani."

Daktari hakugusa wembe. Alitazama kidole, kisha mdomo, penye kigaga kilichoanza kukauka.

"Hiki kimetoka lini, mama?"

"Juma lililopita. Si homa tu?"

"Na uzi unautungaje?"

Swali gani hilo! "Naulamba, naubana kwa vidole, naupitisha. Wewe unautungaje?"

Daktari alicheka, kisha akaacha kucheka. Ni kirusi kimoja, alieleza, kinaitwa herpesi. Kimetoka mdomoni kikahamia kidoleni. Kutumbua kidole ni kukisambaza. Akamwandikia vidonge vya asiklovia, akamfunga kidole.

"Watu wazima wengi tunacho, wala si aibu. Lakini mtoto mchanga kinaweza kumuua. Usimbusu, usimshike, mpaka kote kupone kabisa."

Fundi alirudi mbio, machozi yakimlengalenga. Kidole kimefungwa, kigaga kidogo tu. Akinyamaza, nani atajua? Amshike mara moja tu, basi. Wazo hilo lilimtisha kuliko ugonjwa wenyewe.

Gari likasimama. Binti akashuka, amechoka, anatabasamu, akamnyooshea mtoto.

"Mshike, Mama."

Fundi akaficha mikono nyuma. "Usinipe."

"Humtaki?"

"Namtaka mpaka roho inaniuma! Nina malengelenge, mdomoni na kidoleni. Yanaua vichanga. Rudi nyuma, mwanangu."

Binti aliruka nyuma, akamfunika mtoto uso, akamtazama mama yake kama mtu baki. Ndivyo alivyotakiwa kufanya, na fundi alimshukuru Mungu kwa hilo. Lakini iliuma. Iliuma vibaya sana.