Mwenzetu wa Ukutani

Asubuhi hiyo darasa la kwanza lilikuwa limefika kwenye herufi e. Mwalimu aliiandika ubaoni kwa chaki, kubwa kama kikapu, na watoto wakaitamka kwa pamoja huku midomo imevutwa pembeni kama ya watu wanaojizuia kucheka. Watoto walikuwa wengi kuliko madawati. Waliobanana dawati moja waliandika kwa zamu, maana viwiko havikupata nafasi vyote kwa wakati mmoja. Jua lilikuwa limeingia kwa madirisha ya mashariki likalala kwenye ukuta wa nyuma, na hapo ukutani, katikati ya vivuli vya vichwa vya watoto, palikuwa na kivuli kimoja kisicho na mwenyewe.

Mwalimu alikiona alipogeuka. Kilikuwa kivuli cha mtoto wa kike, shingo nyembamba, nywele zimefungwa kwa haraka, na mgongoni kimebeba kivuli cha mtoto mchanga. Kilikuwa kimesimama wima, mdomo wazi. Kilikuwa kinasema e.

"Kaa chini, mwanangu," mwalimu alikiambia, kwa sababu wenzake walikuwa wamekaa.

Kivuli kikakaa. Wakaendelea na i.

Watoto walimwita mwalimu huyo Mwalimu Polepole, kwa kuwa neno hilo halikumbanduka mdomoni. Andika polepole, soma polepole, kimbia polepole. Alikuwa amefundisha darasa la kwanza tangu akiwa binti, na sasa wazazi waliomletea watoto ni walewale aliowashika mkono kuwaonyesha tumbo la herufi b linatazama wapi. Alikuwa ameona mtoto anayelala macho wazi, mtoto anayekula chaki, na mtoto aliyelia kila Jumatatu mwaka mzima bila kukosa. Kivuli hakikumpa taabu. Hakikupiga kelele, hakikumfinya jirani, hakikuomba ruhusa ya kwenda chooni ili kikacheze na maji.

Watoto ndio waliokipa jina. Walikiita Mwenzetu, wakasogea ili vichwa vyao visikifunike.

Mwenzetu alikuja kila palipokuwa na jua. Aliingia kwa chini ya mlango, mwembamba, akapanda ukuta na kujikunjua. Siku za mawingu hakuja, na mwalimu aliihesabu hiyo kuwa udhuru kama homa. Mchana jua lilipopanda, alianza kufupika, akawa mfupi, akawa mfupi zaidi, mwisho akatoka akiteleza sakafuni kama maji yaliyomwagika, na watoto wakampungia mkono.

Alijifunza. Aliandika kwa kidole, na kila kidole kilipopita pakabaki weusi kidogo ukutani, mfano wa unyevu, kisha ukakauka. Kwenye hesabu walitumia vizibo vya chupa. Msichana mmoja wa mstari wa nyuma, aliyeitwa Mapengo kwa ajili ya meno yake ya mbele yaliyong'oka, alivinyanyua vizibo vyake juani, na Mwenzetu akahesabu vivuli vyake kimoja kimoja. Kujumlisha kuliwaingia watoto wote bila shida. Kutoa kukawapiga chenga. Walishindwa kuelewa kwa nini mtu mwenye vizibo vitano aje anyang'anywe viwili, tena na nani, na amekosa nini. Mwenzetu alikuelewa kutoa siku ileile.

Kivuli cha mtoto mchanga kilipolia, yaani kilipofungua mdomo na kurusha miguu, Mwenzetu alisimama akambembeleza, akiyumba huku na huku, macho yakiwa ubaoni. Darasa lilimngoja. Baada ya muda wote wakazoea mwendo huo, wakawa wanasoma ba, be, bi, bo, bu wakiyumba kama nyasi. Kuna asubuhi ambazo mwalimu mwenyewe aliyumba, fimbo ya kuonyeshea herufi mkononi, na sauti za watoto zilijaa chumbani zikawa kama joto, na ilikuwa vigumu kusema nani yu macho na nani anaota.

Lakini mwalimu hakuwa kipofu. Siku nyingine kivuli kilikuja kimejitwisha kivuli cha beseni. Siku nyingine ncha za vidole vyake zilidondosha matone ya kivuli, tone, tone, hadi sakafuni. Alijua kwamba mwenye kivuli yuko mahali fulani anafua nguo za watu, akiwa na mtoto wa watu mgongoni. Hakujua ni wapi. Kivuli hakina anwani.

Alikuja kujua siku ya somo la familia.

Siku hiyo aliuliza baba ni nani, akajibiwa. Mama ni nani, akajibiwa na wote kwa pamoja. Akauliza, "Na dada je? Dada ni nani?"

"Ni msichana aliyezaliwa kabla yako," alisema mmoja wa mbele.

"Kwetu siyo," alisema Mapengo. "Kwetu dada si ndugu. Dada ni yule anayeamka wa kwanza."

Watoto wengi wakatikisa kichwa kukubali. Hata kwao.

Mwalimu alikuwa bado anatafuta la kuandika ubaoni pale mwalimu mkuu alipoingia kuomba chaki. Alikuwa mtu mpole, mchapakazi, shati lake limepigwa pasi hadi ukosi ungeweza kukata mkate. Mungu alikuwa amempa mtoto uzeeni, na shule nzima ilikuwa imekwenda kumpongeza mkewe hospitalini.

"Hamjambo, watoto?" alisema.

Kule ukutani, kivuli cha mtoto mchanga kikainua kichwa. Kikanyoosha mikono miwili kuelekea sauti ile, kikarukaruka mgongoni mwa Mwenzetu.

Mwalimu mkuu akaenda hadi nyuma ya darasa. Akakitazama kwa muda. Akaweka kiganja ukutani, pale lilipokuwa shavu la mtoto.

"Amenenepa," alisema.

Mwenzetu alikuwa amekwishapiga magoti kumwamkia, kichwa chini, kana kwamba kwa hivyo anayeamkiwa angeondoka haraka zaidi. Mwalimu mkuu akaitikia, akachukua chaki zake, akashukuru, akatoka. Mwalimu Polepole akabaki na fimbo mkononi. Hakuandika kitu chini ya neno dada.

Wakati wa mapumziko aliwaacha watoto wakicheza mbele ya ukuta pamoja na Mwenzetu, akaenda nyumbani kwa mwalimu mkuu, mtaa wa pili kutoka shuleni. Mke wa mwalimu mkuu alimkaribisha vizuri, akamtilia chai, akamuuliza habari za miguu yake iliyokuwa ikimsumbua. Kwa mlango wa nyuma mwalimu aliuona ua. Msichana alikuwa amesimama juani penye kamba ya nguo, mtoto mgongoni, akikamua shuka. Miguuni pake ardhi ilikuwa nyeupe tupu. Alikuwa mdogo kuliko kivuli chake.

"Mama," mwalimu alisema, "mtoto huyu ni wa darasa langu."

"Si ndiyo nasikia! Mzee ameniambia anasoma vizuri sana. Nimefurahi mno."

"Anayesoma ni kivuli."

"Na kivuli si chake?" Mke wa mwalimu mkuu alimwongezea sukari. "Mwanzoni nilipata wasiwasi, sikufichi, kwa ajili ya mtoto. Akiwa mgongoni kwa dada hana kivuli, lakini nikimshusha tu kinamrudia. Basi nikaona hakuna neno. Huyu dada shangazi yake mwenyewe ndiye aliyemleta hapa. Anakula tunachokula. Mimi nina kazi, mzee ana kazi, mtoto atakaa na nani?"

"Lakini kwa umri wake, mama—"

"Mwalimu, mtu hawezi kuwa mahali pawili. Yeye ameweza. Kuna wangapi waliojaliwa hivyo?"

Mwalimu akanywa chai yake. Alipotoka alipitia uani, akamsalimu msichana. Msichana akamwamkia shikamoo kwa sauti ndogo bila kuacha kukamua. Hakumjua mwalimu. Mwalimu alikuwa amemfundisha miezi kadhaa, na msichana alikuwa anamwona kwa mara ya kwanza.

Alikwenda ofisini. Mwalimu mkuu alimsikiliza hadi mwisho, mikono imekunjwa, kama alivyomsikiliza kila mtu.

"Wewe mwenyewe umekiri kwamba anasoma," alisema.

"Ndiyo, lakini—"

"Na hatumii dawati."

"Hatumii."

"Basi tusichokonoe mambo yaliyotulia. Wote wangekuwa hivyo, shule hii ingepumua."

Usiku mwalimu alilala akawaza, na asubuhi akawa ameamua. Waliomnyima yule mtoto shule walikuwa na kisingizio kimoja, nacho kilikuwa kinakaa kwenye ukuta wake. Kisingizio kikiondoka, aibu itawabana, watamleta mwenyewe kwa miguu yake. Akafunga madirisha ya mashariki, mbao zote, akaziba kwa gunia ufa wa chini ya mlango. Akawasha taa ya mkono, akaiweka chini ya ubao. Watoto wakaandika gizani na herufi zao zikapandiana.

Walikuwa kwenye ka, ke, ki, ko, ku. Mapengo akaomba kwenda chooni, akarudi.

"Mwalimu, Mwenzetu yuko nje."

"Kaa, mwanangu."

"Amesimama kwenye ukuta wa nje, upande wa jua. Anasoma na sisi. Sisi tukisema ki, na yeye anasema ki."

"Nimesikia. Kaa."

Hakufungua siku hiyo. Hakufungua siku iliyofuata, wala ile nyingine. Watoto walisoma wakiwa wamegeuza shingo kuelekea madirishani, na walikuwa wakipaza sauti kuliko kawaida, ili asikie. Mwalimu naye alijikuta anapaza. Wakati huo wote hakuna aliyemleta msichana shuleni. Hakuna aliyeona aibu. Aliyekuja ni mwalimu mkuu, akachungulia mlangoni na kusema kwa upole kwamba giza linaharibu macho ya watoto, na kwamba mzazi mmoja amelalamika.

Watoto walipotoka kwenda kucheza, mwalimu alibaki peke yake. Upande wa pili wa mbao hapakuwa na sauti, lakini alijua. Akaenda akaondoa komeo. Dirisha halijafunguka hata nusu, Mwenzetu akawa ameshaingia, akapita juu ya mkono wa mwalimu, baridi kidogo kama kitambaa kilichoanuliwa kabla hakijakauka, akaenda kukaa mahali pake. Kivuli cha mtoto mchanga kilikuwa kimelala.

"Tulifika ku," mwalimu alimwambia. Mwenzetu akaandika ku.

Basi akaendelea kumfundisha. Hakuwa na kingine cha kumpa. Walisoma kuku, kaka, kikoba. Wakasoma sentensi fupi, kisha ndefu. Wakajifunza kunawa mikono, jina la kila kiungo cha mwili, na jinsi ya kuvuka barabara. Mwisho wa mwaka Mwenzetu alishika nafasi ya tatu. Mwalimu mkuu alimtangaza mbele ya wazazi waliokuwa wamesimama uwanjani, nacho kivuli kikiwa kimejilaza kwenye ukuta wa ofisi, na wazazi wakampigia makofi, na mke wa mwalimu mkuu akapiga vigelegele.

Muhula mpya ulipofunguliwa, Mwenzetu alihamia ukuta wa darasa la pili. Kwa Mwalimu Polepole wakaja wengine. Kivuli cha msichana mwenye ufagio. Kivuli cha mvulana kinachonuka moshi, pamoja na cha mdogo wake. Kimoja kilikuja na kuni kichwani, na kilipotikisika watoto waliokaa karibu wakainamisha vichwa. Mwalimu mkuu aliandika kwa wakubwa wake kwamba wanafunzi wameongezeka bila dawati hata moja kununuliwa, na wakubwa wakampongeza, wakaulizia kama shule nyingine zinaweza kuiga. Mwalimu aliwaambia wageni wake wakae. Akaandika a.

Jioni moja, akirudi nyumbani, alipita nyuma ya ua wa mwalimu mkuu. Msichana alikuwa anaanua nguo. Kivuli chake kilikuwa kimelala chini, kirefu, kimemshika miguuni.

"Hujambo, mwanangu?" mwalimu alimwambia juu ya ua. "Habari za masomo?"

Msichana alimtazama. Alikunja shati, akalilaza kwenye beseni.

"Sijui, mwalimu. Kikirudi huwa kimechoka. Kinalala hapohapo."

"Hakikwambii kitu?"

Msichana akafikiri, kibanio cha nguo mdomoni. Akakitoa.

"Juzi kilicheka usingizini," alisema.

Alikuwa kama anataka kusema zaidi, na mwalimu akangoja, polepole kama kawaida yake. Ndani ya nyumba sauti ikaita, "Dada!" Msichana akaitika abee, akajitwisha beseni, akaenda, na kivuli kikaburuzika nyuma yake juu ya mchanga, bado kimelala.