Sakafu ya Nyumba ya Wote

Katika uwanda wote ule wa Dakota, huko Marekani, wahamiaji Wanorwe wa Kijito cha Mierebi walikuwa na nyumba moja tu yenye sakafu ya mbao, nayo haikuwa ya mtu. Kuta zake zilijengwa kwa mapande ya udongo yaliyokatwa kwa plau pamoja na nyasi zake, sawa na kuta za nyumba zao wenyewe. Lakini chini palitandikwa mbao za msonobari zilizopigwa randa, zilizoletwa kwa gari la ng'ombe kutoka huko reli ilikoishia. Humo ndimo watoto walimosoma, mchungaji alimohubiri alipopita wakati wa kiangazi, na vijana walimocheza dansi fidla ilipolia.

Aliyeitunza ni Torborg Myhre, mke wa Anfinn. Yeye ndiye aliyewasumbua watu mpaka mbao zikaja. Kila Jumamosi alipiga magoti akaisugua sakafu kwa mchanga, na mtu akifika na matope alimwambia, "Wewe karibu. Hivyo viatu vyako vitasalia nje."

Gullik Bråten peke yake ndiye aliyepinga tangu mwanzo. Alisema mbao hizo zingefaa milango ya mazizi. Aliposhindwa, alitamka mbele ya watu wote, "Haya, mwacheni. Asiye na mtoto wa kubembeleza atabembeleza mbao."

Wengine walicheka, kisha wakaona haya. Tangu siku hiyo Torborg na yeye hawakusalimiana, na Gullik hakukanyaga tena pale. Mkewe Ingeleiv alikuja na binti zao wawili, akikaa viti vya nyuma.

Majira ya baridi yaliyofuata yakaja na dondakoo, ugonjwa unaoziba koo za watoto. Shule ikafungwa. Anfinn akawa anazunguka na mbao za kutelezea kwenye theluji, akiacha maziwa milangoni na kuuliza hali kwa sauti ya juu. Asubuhi moja alirudi, akakaa bila kuvua kofia. Alisema binti za Gullik wamefariki, mdogo usiku, mkubwa kulipokucha. Jeneza hakuna. Gullik alikuwa amekwisha kuchoma kila kipande cha mti ili watoto wapate joto, hata kitanda. Sasa alitaka kuwafunga kwenye blanketi na kuwafukia kwenye theluji mpaka ardhi iliyoganda ilainike.

"Na mbwa mwitu?" Torborg aliuliza.

Torborg akachukua mtaimbo, akajifunga shali.

"Ile sakafu ni ya watu wote," Anfinn alimwambia. "Tuwaulize kwanza."

"Waulize. Utanikuta nimeshaanza."

Alianzia karibu na jiko, ambako mbao hazikuchakaa. Misumari ilitoka ikilia. Kila ubao alioung'oa aliujua kwa fundo lake, lakini hakupumzika. Anfinn alipofika alishika msumeno, akayatengeneza majeneza mawili juu ya meza ya mwalimu.

Waliyakokota juu ya theluji kwa sleji, gari lisilo na magurudumu, mpaka kwa Gullik. Gullik aliwafungulia mlango, akaangalia kile kilichokuwa juu yake. Mbao zilikuwa nyeupe kwa kusuguliwa.

"Hizi nazijua," alisema.

"Basi tusaidie kuziingiza. Baridi kali."

Hakusogea. "Bi Torborg, mimi nilisema neno siku ile."

"Ulisema. Nililisikia." Alimtazama, kisha akamshika mkono. "Watoto wako wapi?"

Torborg aliwaosha watoto akisaidiana na Ingeleiv. Mama yule hakulia, alikuwa amekauka. Torborg alimuuliza ni yupi aliyependa kulala upande wa ukutani. Ingeleiv alipofungua kinywa kujibu, ndipo machozi yakamtoka, naye Torborg akamkumbatia palepale sakafuni, kwenye udongo mtupu.

Ugonjwa haukuishia hapo. Ulipita nyumba kwa nyumba, na kila ulikopiga, mwenye msiba alikwenda mwenyewe na mtaimbo kung'oa mbao za jeneza katika nyumba ya wote, bila kuomba ruhusa kwa mtu. Theluji ilipoyeyuka, zilikuwa zimebaki mbao chache tu chini ya jiko.

Kiangazi mchungaji akaja, akasoma majina ya marehemu, na usomaji huo ukachukua muda mrefu. Watu waliketi vitini, miguu yao kwenye vumbi. Gullik alikuwa mbele, kando ya mkewe.

Ibada ilipokwisha, mmoja akauliza kama haifai kuagiza mbao nyingine. Wote wakamgeukia Torborg. Yeye akamtazama Ingeleiv.

"Bado," Ingeleiv alisema taratibu. "Mwaka huu tukae hivihivi, tukiwakumbuka."

Gullik akainuka, akachukua birika la kahawa ya shayiri na kuanza kuwamiminia watu, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa na haraka ya kurudi nyumbani, walikaa humo mpaka jua likashuka.