Profesa Namsifu Anatua

Usiku wa kuamkia leo niliota tunamuaga Profesa Namsifu Mchomvu, na mimi nimechelewa kwa sababu viatu vyangu vimekataa kuingia ukumbini kabla ya kutambulishwa.

"Sisi ni wa nani?" kiatu cha kushoto kinauliza.

"Wa Ombeni," nasema. "Anayekabidhiwa kituo."

"Anayekabidhiwa kituo na hataki," kinasema cha kulia. Nikavivua, nikaingia peku.

Hilo la kutotaka ni kweli, hata nikiwa macho. Profesa ndiye aliyeanzisha kituo chetu cha kuchunguza anga, kule nyikani Singida, na ndiye aliyezifanya nchi nyingi zikubali kutazama nyota moja kwa pamoja bila kugombana. Sasa anastaafu. Wenzetu wa Hawaii wamemwomba akawafundishe vijana wao. Mimi kwa miezi sasa nimekuwa nikimbembeleza abaki, aje tu asubuhi, akae, hata asifanye kitu. Naogopa kubaki peke yangu, sina sababu nyingine.

Ukumbi ulikuwa hauna paa, maana mshereheshaji alikuwa dishi letu kubwa la kunasia mawimbi ya nyota, na lisingeenea. Lilivaa tai yenye upana wa shuka.

"Itifaki imezingatiwa," dishi likasema. "Waje wenye zawadi."

Watu wakaja wakicheza, vitenge mikononi, wakaanza kumvika Profesa mmoja baada ya mwingine. Kila akivikwa kitenge anashuka kidogo. Kwanza nikadhani kiti kimevunjika. Kisha nikaona sakafu imempita vifundo vya miguu, na yeye anatafuna keki kana kwamba hakuna lililotokea.

"Mama Profesa, unazama!"

"Sizami. Natua," akasema. "Hivi somo langu ulifaulu vipi wewe?"

Hapo mlango wa magharibi ukafunguka, akaingia bwana mmoja mwembamba, amelala ubavu, mrefu ajabu. Alikuwa akiingia tangu asubuhi na bado hajaisha. Akajitambulisha kuwa ni Upeo wa Macho, akaomba soda ya tangawizi.

"Nimekuja kumpokea mgeni wangu," akasema. "Msijali, endeleeni na ratiba."

Dishi likakohoa. "Kabla ya hapo, kuna kanuni. Kitu kilichoonwa na kituo kimoja tu ni kelele. Anayetua bila kuthibitishwa na kituo cha pili anafutwa."

"Nani alitunga kanuni ya kikatili hivyo?" nikauliza.

"Mimi," akasema Profesa.

Ni yeye kweli. Mwaka tuliofungua kituo tulinasa ishara ya ajabu, tukacheza muziki, tukachinja mbuzi, tukapigiana simu na nusu ya dunia. Kumbe ilikuwa bodaboda ya muuza maziwa. Tangu siku hiyo Profesa hakuamini kitu chochote, hata kiwe kizuri namna gani, mpaka watu wa nchi nyingine nao waseme wamekiona.

Natazama bango la kumuaga Profesa ukutani. Picha yake inaanza kupauka. Jina limebaki nusu.

"Samahani," mhasibu wetu ananinong'oneza sikioni, "hivi hii sherehe ni ya nani? Bwana harusi yuko wapi?"

Nikalinyang'anya dishi kipaza sauti na kuanza kuita vituo.

Afrika Kusini wakasema dishi lao limejifungua vidishi vingi mno na liko likizo ya uzazi. Uholanzi wakasema wanajitahidi. "Tunaona mgongo wako tu, Ombeni. Umemziba."

Nikasogea. Wakasema bado nimemziba.

"Hawaii!" nikapiga kelele. Huko yuko Keola, ambaye Profesa amefanya naye kazi miaka na miaka. "Keola, mnamwona Profesa?"

"Bado," akajibu. "Hajachomoza kwetu."

Profesa sasa amefika kiunoni. Napiga magoti kwenye zulia, namkamata kifundo cha mkono wa kulia, nakaza. Upeo wa Macho anamalizia soda yake na kupangusa mdomo, anasubiri bila haraka, na utulivu wake ndio ulionitia hofu zaidi. Bango limebaki na herufi mbili. Mhasibu ameanza kumpongeza mpishi kwa ndoa njema.

"Hawaii!"

"Tunaona soli za viatu," Keola anasema. "Zimechomoza, zikasimama hapo hapo. Hazipandi. Kuna kitu kinamvuta huko kwenu. Nani kamshika?"

Ukumbi mzima ukanigeukia. Hata dishi lilizunguka, taratibu, na tai yake.

"Ombeni," akasema Profesa. Sakafu ilikuwa kifuani. "Niachie, mwanangu."

"Siachii."

"Ukinishika sitatua kwako wala sitachomoza kwao. Nitabaki hapa katikati, nusu mtu nusu zulia. Ndiyo heshima gani hiyo?"

"Na nikikuachia halafu wao wasikuone? Utafutwa! Utakuwa bodaboda!"

"Huenda," akasema.

Hakunidanganya hata kidogo. Nilitamani sana anidanganye.

"Mama, mimi sijui kuongea na hawa watu. Kila siku kuna nchi imenuna. Wewe wanakusikiliza."

"Mimi ndiye ninayewasikiliza wao. Aliyenuna muulize anaona nini kwake. Ana kipande cha anga ambacho wewe huna, na siku zote inamuuma kwamba hujakiulizia." Zulia likamfika kidevuni, akainua uso kidogo. "Kazi yetu yote ilikuwa hii, Ombeni. Nyota ikitua kwetu tunampigia mwenzetu, tunamwambia ipokee. Uliwahi kuniona nimeing'ang'ania hata moja?"

Sikuwahi. Nililia mbele ya watu, wala sikujificha. Nilimpenda yule mama kuliko nilivyowahi kumwambia, na sasa muda wa kumwambia ulikuwa umeishia kidevuni.

Nikaviamuru vidole vyangu vifunguke. Vikakataa. Cha shahada kikasema hakikushirikishwa. Gumba likataka kiitishwe kikao.

"Hakuna kikao," nikasema. "Fungukeni."

Wakati huo jina likafutika lote ukutani. Vidole vikaona bango tupu, vikaogopa, vikafunguka vyote kwa mpigo. Profesa akashuka bila sauti. Vitenge vikabaki juu ya zulia, vimekaa duara, katikati hakuna mtu.

Upeo wa Macho akashukuru kwa soda, akaanza kutoka.

"Hawaii," nasema kwenye kipaza sauti. "Mnamwona?"

Nakigonga kipaza sauti.

"Keola, niambie, mnamwona?"

Naona watu wanakunja viti. Dishi linavua tai. Nauliza tena na tena, na kipaza sauti kinanijibu kwa sauti yangu mwenyewe, mpaka nikaamka.

Leo ndiyo siku yenyewe ya kumuaga. Nilikuwa nimepangiwa kumfuata nyumbani kwake asubuhi. Siku zote humkuta getini, ameshakunywa chai, ananicheka kwa kuchelewa. Leo nilifunguliwa na dada yake, akasema Profesa ndiyo kwanza anaamka.

Akatoka akijikongoja, macho mekundu, anapiga miayo.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba. Hata sijielewi. Hapa ni asubuhi, lakini mwili wangu unaniambia ni jioni na jua linazama."

Akaketi. Aliponyoosha mkono wa kulia kuchukua kikombe, mkono wa gauni ulipanda, nikaona kifundo chake. Kilikuwa na alama za vidole vya mtu, nyekundu, na ya gumba upande wa pili.

Aliniona nikitazama. Akashusha nguo taratibu, akanywa chai kidogo.

"Ulinikawiza, Ombeni," akasema. "Keola alishaanza kukata tamaa."

Nilikaa pale nikitazama vidole vyangu. Kisha nikamuuliza safari ya Hawaii ni lini, ili nimpeleke uwanja wa ndege.