Wikio Si Nje

Bwana afya alipokuja na gari kumchukua mume wake Hind, hakuna aliyengoja kuambiwa ni ndui. Uso wa Awadhi ulikuwa malengelenge matupu. Walimfunika shuka gubigubi wakampeleka hospitali ya kutengwa, ng'ambo ya pili. Ilikuwa mwaka wa arubaini na tano, vita vikielekea ukingoni, na watu walishazoea kupangiwa kila kitu na serikali: leo mchele kwa kipimo, kesho taa zizimwe. Sasa ikawa zamu ya kufungiwa ndani. Hind na binti yake Afaf wakachanjwa, sebule ya chini ikafukizwa moshi wa kiberiti kuua ugonjwa ikapigwa kufuli, wakabaki na chumba kimoja cha juu, na mlangoni akawekwa askari, Mung'aro, mtu mpole asiyejua hata kukaripia. Siku ishirini na moja. Asitoke mtu, asiingie mtu.

Afaf alikuwa na miaka saba, na kutembea alikuwa hakujui. Mtoto huyo kila kitu mbio: chuoni kusoma Kurani mbio, kurudi mbio, akitumwa ukwaju Ndia Kuu mbio, na mara mbili alimkumba mzee wa watu mpaka kofia ikaanguka mtaroni. Hind alikuwa akimpigia kelele kutwa. Lau angejua, asingempigia.

Siku tatu za mwanzo mtoto alilia. Ya nne akanyamaza, na hapo ndipo mama alipoingiwa na hofu. Afaf alikaa pembeni akichomoa ukili wa mkeka, mmoja mmoja, akiupanga sakafuni. Ukimwita hageuki. Chakula alikigusa kwa ncha ya kidole akakisukuma. Usiku akakojoa kitandani, jambo aliloliacha tangu hajaanza kusema vizuri. Siku nzima ya tano alitamka maneno mawili tu.

"Mama, miguu yangu itaoza?"

Jamani, utamjibu nini mtoto? Hind alijaribu. Alimfungia kamba ya kuruka, lakini chumba chenyewe kitanda na makasha, akaruka mara moja akajigonga kidole, akaitupa kamba. Akatoa kichwa dirishani, akamwomba Mung'aro amwachie mtoto akimbie kichochoroni, aende mara moja tu na kurudi.

Mung'aro akashika kichwa. "Bi mkubwa, hata mimi nina watoto. Lakini nikimtoa huyo, nafungwa mimi."

Hind akarudisha dirisha akalia. Hakulia kwa hasira, maana angemkasirikia nani? Alilia kwa kukosa la kufanya.

Sasa bwana afya, na madaftari yake yote, kuna jambo hakuliuliza. Nyumba ya Hind ilikuwa na wikio, yaani daraja la ghorofani lenye kuta na paa, linalovuka kichochoro na kuunganisha nyumba mbili za jamaa, ili wanawake wapite bila kuvaa buibui wala kuonekana na mtu. Wikio la Hind lilikwenda kwa Sheikhan, binti ya mamake mdogo, na wawili hao walikuwa wakivuka humo tangu walipokuwa wanawari. Kwa watu wa nyumba hizo, wikio si nje. Mtu akibisha aulize Hind yuko, nawe umemwona kwa macho yako akivuka kwenda kwa Sheikhan, utamjibu yuko, hakutoka. Na wala hujasema uongo.

Siku ya sita Sheikhan akagonga mlango wa wikio.

"Hind! Afaf vipi?"

"Yu hai, lakini si yeye. Mwanangu ananipotea, Sheikhan, na mimi nimekaa namtazama."

"Basi mlete kwangu akimbie. Ukumbi wangu mrefu, na Akil mwenyewe hana mwenzake, amenichosha."

"Tumeambiwa tusitoke."

"Na nani kakwambia utoke? Wikio ni ndani, dada!"

Hilo ndilo Hind alilokuwa akitaka kulisikia. Alijua maneno yale yana kasoro, na alijua kwamba binamu yake anajua. Akafungua komeo.

Akil, mwana wa Sheikhan, alikuwa na miaka tisa na mengi ya kuamrisha. Alianzisha mchezo wa posta: kabati ni Mombasa, dirisha ni Unguja, na Afaf ndiye mpeleka barua, mbio kwenda, mbio kurudi, na akichelewa anakatwa mshahara. Siku ya kwanza mtoto alikimbia kwa kujilazimisha. Siku ya pili akacheka. Siku ya tatu alirudi kwao amelowa jasho, akala samaki na wali, akaomba na ukoko, akalala mpaka asubuhi na shuka kavu. Hind alikaa juu ya kasha akimtazama anavyopumua, akasema alhamdulillahi mpaka koo likakauka.

Siku ya kumi na mbili Afaf aliamka mwili una moto kidogo. Kufika alasiri, vipele vitatu shingoni na viwili begani, vidogo hivyo, ukitaka usivione huvioni.

"Harara," alisema Hind, peke yake chumbani, kwa sauti. "Kutwa mbio na joto hili la kaskazi, atakosa harara?" Akampaka sandali.

Lakini siku iliyofuata hakufungua wikio. Alimweka mtoto ndani, kwa tahadhari tu. Na Afaf hakulia wala hakuuliza kwa nini. Alikwenda pale pale pembeni, akaketi, akauvuta mkeka, akachomoa ukili wa kwanza. Hind aliona uso wa mwanawe unavyozimika. Akavitazama vile vipele, akautazama mkeka, akavitazama tena vipele. Moto ulikuwa umeshuka. Vipele havikuongezeka. Asubuhi ya pili yake akamfunga mtoto kitambaa shingoni na kumvusha. Sheikhan akauliza ni cha nini hicho kitambaa, Hind akajibu harara, na mlango ukafungwa nyuma yao.

Siku ya ishirini na moja bwana afya alikuja, akamtazama Afaf uso, viganja na ulimi, akaandika. Vipele vilikuwa vimekauka zamani chini ya kola. Awadhi naye salamu zikaja kwamba anapona. Mlango ukafunguliwa, Afaf akachomoka mbio hata viatu hakuvaa, na mtaa mzima ukamshangilia. Hind akampa Mung'aro sahani ya halua.

Siku nne baadaye gari lilisimama tena kichochoroni. Safari hii lilimchukua Akil.

Chanjo alikuwa hana. Wachanjaji walipopita, Sheikhan alimficha chooni, akiogopa mkono wa mwanawe usivimbe. Sheikhan akafungiwa peke yake, na Mung'aro akahamishiwa mlango wa pili, hatua kumi tu kutoka ule wa kwanza.

Siku ya sita ya Sheikhan kufungiwa, Hind alifungua wikio. Sheikhan alikuwa ameketi sakafuni upande wake, kichwa wazi.

"Usivuke," alisema.

"Sivuki. Akil ana habari gani?"

"Mung'aro kaniambia tangu jana hamjui mtu. Macho yamefumba." Sheikhan akainua uso, akasema, "Hind, nakuuliza, na Mungu yuko baina yetu. Vile vipele vya Afaf."

Hind alishika mwimo wa mlango.

"Sikulaumu," Sheikhan aliendelea. "Wewe ulisema tumekatazwa. Mimi ndimi niliyekuita. Chanjo nilimficha mimi, na mlango nilifungua mimi. Sili, silali, najiuliza kama mwanangu nimemuua kwa mkono wangu. Niambie tu nijue. Vilikuwa harara?"

Hind alitaka kuusema ukweli. Wallahi alitaka, ulifika mpaka ulimini. Akamtazama binamu yake pale chini, akashindwa, na kama alishindwa kwa kumhurumia Sheikhan au kwa kujihurumia mwenyewe, hakuweza kujua wakati ule wala hakujua baadaye.

"Harara," alisema. "Harara tupu, dada. Ni joto."

Sheikhan akajifunika uso kwa viganja, mabega yakamshuka. "Basi si mimi," alisema. "Ahsante, Hind. Mungu akulipe."

Kichochoroni chini Afaf alikuwa akikimbia na watoto wenzake, na sauti yake ilipanda mpaka walipo. Hind akageuka haraka kwenda kumnyamazisha.

"Mwache," alisema Sheikhan. "Mwache akimbie, maskini. Si alifungiwa sana?"

Hind akarudi akaketi kizingitini, maana hakuwa na pa kwenda.